Futi ya Cherehani

Jumanne, 4 Machi 2025
Baba watoto kaamka macho hayafunguki kwa uvimbe. Hadi jioni umeteremka miguuni. Nilibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, nikahesabu hadi ishirini, shimo halijajaa. Mkojo una povu lisilokatika. Zahanati walituambia mwezi uliopita ni uchovu na chumvi. Jirani anasema kategwa. Najuta tulivyokawia.

Jumamosi, 8 Machi
Majibu yametoka. Mkojo wa saa 24, tulioukinga kwenye dumu: protini gramu 9. Mtu mzima akifika gramu 3.5 tayari ni ugonjwa. Albumini ya damu 18, wakati haitakiwi kushuka chini ya 35. Daktari kaeleza kwa upole: machujio ya figo yanavuja, na albumini ndiyo inayoshika maji ndani ya mishipa. Lakini kinachovuja si hicho tu. Kinga za mwili zinatoka, na vile vinavyozuia damu isigande vinatoka pia. “Mama, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, au akibanwa na pumzi, usingoje kesho.”
Kakatazwa kufunga. Hilo ndilo lililomliza.

Jumatatu, 17 Machi
Tangu siku ile nampima mashavu ya miguu kila asubuhi kwa futi yangu ya kushonea. Jana 38 na 38. Leo kushoto 42. Nikapima tena, nikidhani futi imepinda. 42, na moto ukiushika. Bajaji mpaka hospitali. Ultrasaundi: donge la damu kwenye mshipa wa paja. Kipande kikikatika huenda kwenye mapafu. Wamemwanzishia sindano za tumboni. Hazivunji donge, zinalizuia lisikue, mwili uliyeyushe wenyewe.

Ijumaa, 28 Machi
Kushoto 39. Sasa anameza wafarini, na damu inapimwa kila mara isigande wala isizidi wepesi. Kipimo cha kukata kinyama cha figo kimesogezwa mbele, maana kwa dawa hii angeweza kuvuja damu. Prednisoloni, dawa yake ya figo, inamtia njaa usiku. Hata mchubuko mdogo naukagua, kwa kuwa vijidudu havina wa kuvizuia.
Jioni kaniuliza, “Mama watoto, kanzu ya Iddi?” Nikampima mabega. Nyama imekwisha, tumbo limejaa maji. Nimeikata pana, mishono ya ubavuni nimeitia ya kushikiza tu.