Keki ya mama na chupa iliyobaki kabatini

Mama alitimiza miaka 60 mwezi wa nane mwaka jana, na kazi ya keki ilikuwa yangu. Nyumbani kwetu Morogoro tumeshagawana: kaka analeta mbuzi, wifi anasimamia pilau, mimi naoka. Nilitoka Dar es Salaam Ijumaa jioni kwa basi, nimepakata vyombo viwili vya kuokea, na ndani ya mkoba nimeviringisha kanga kwenye chupa ya Amarula isije ikavunjika njiani.

Wengi mnaifahamu hiyo chupa yenye picha ya tembo. Ni pombe tamu ya krimu kutoka Afrika Kusini, inayotengenezwa kwa matunda ya mng'ongo, mti ambao unaota hata huku kwetu. Rangi yake ni kama chai ya maziwa iliyokolea na utamu wake unafanana na pipi ya maziwa, ndiyo maana watu wengi wakiinywa husahau kwamba ina asilimia 17 ya kilevi. Bia nyingi ziko kwenye asilimia 5 hivi.

Keki hiyo nilifundishwa na rafiki niliyesoma naye chuo, na sijawahi kuipeleka mahali ikabaki. Ukiikata haikatiki makombo. Ukiilaza usiku, kesho yake ni laini zaidi ya jana. Unatia nusu kikombe cha pombe hiyo kwenye mchanganyiko wa unga, unaoka dakika 50, kisha ikiwa bado ya moto unaitoboatoboa kwa kijiti na kuinyweshea shira. Kwenye shira napo unaongeza robo kikombe, baada ya kuipoa ili harufu isipotee.

Jumamosi asubuhi nilioka mbili. Ya kwanza kubwa, ya Amarula, kwa ajili ya familia. Ya pili ndogo, ya vanila tupu, kwa ajili ya jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu ambaye amekaa nasi ukuta kwa ukuta tangu sijaanza shule. Mama aliniona nikiifunika pembeni akaniuliza ya nani. Nikamjibu. Akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Nilijiona mtu mwenye busara kweli.

Sasa niwaeleze kuhusu kaka yangu. Kaka alikuwa amekaa mwaka mmoja na miezi minne bila kugusa pombe. Sitasimulia tulikotoka, kwa sababu yeye ndiye mwenye hadithi hiyo, na ameniruhusu kuandika kipande hiki tu. Itoshe kusema kwamba mama alikuwa na kalenda ya ukutani jikoni, na kila mwezi ukiisha aliweka alama ndogo kwa kalamu ya bluu. Hakuna aliyekuwa akiizungumzia kalenda hiyo. Sote tulijua inahesabu nini.

Saa tisa mchana tukaimba, mama akazima mishumaa, akawalisha wajukuu, akamlisha wifi, akamlisha kaka. Kaka alitafuna mara mbili akasimama. Nilimwona anameza. Akaweka sahani mezani taratibu, akatoka nje kupitia mlango wa jikoni kama mtu anayekwenda kuangalia jiko la mbuzi. Wakati huohuo mwanawe wa miaka minne alikuwa ananivuta gauni: "Shangazi, niongeze."

Nilimkuta kaka amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba.

"Umeweka nini kwenye keki, mdogo wangu?"

Nikamwambia. Na nikaongeza upesi, kwa sauti ileile ninayotumia nikiwa nawaeleza watu mambo ya afya, kwamba asiwe na wasiwasi, kilevi chote kinakauka kwenye oveni.

Hakunibishia. Aliniuliza swali moja tu: "Chupa iko wapi?"

Moyo ulinilipuka. Nikamwambia iko kabatini, imebaki zaidi ya nusu. Akasema, "Itoe humu ndani. Sasa hivi. Usinionyeshe umeipeleka wapi."

Niliimwaga chooni, nikaenda kuitupa chupa tupu mbali na nyumba, nikarudi nanuka mikono.

Usiku ule sikulala vizuri, na kilichoniweka macho ni ile keki ndogo ya vanila. Kama kweli niliamini kilevi kimekauka chote, kwa nini niliweka pembeni keki ya jirani? Nilikuwa najua. Mahali fulani kichwani nilijua kwamba haijakauka, na nikaona imani ya jirani inastahili keki yake, lakini kupona kwa kaka yangu wa damu hakukunijia akilini.

Niliporudi Dar nilifanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilitafuta. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali linaloonyesha kiasi cha kilevi kinachobaki kwenye chakula baada ya kupikwa. Pombe iliyochanganywa kwenye chakula kikaokwa au kuchemshwa dakika 15, hubaki asilimia 40 ya kilevi. Dakika 30, asilimia 35. Saa nzima, asilimia 25. Hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Ni kweli kwamba kilevi huanza kuchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji kufika 100, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Ndani ya keki kilevi kimeshikana na maji, mafuta na unga, na hakitoki chote kwa mpigo kama mvuke wa birika.

Nikachukua kalamu. Nusu kikombe ni mililita 120, asilimia 17 yake ni kama mililita 20 za kilevi chenyewe. Kwa dakika 50 za oveni, tuseme zimebaki 6. Shira ilikuwa na mililita 60 za pombe ambazo hazikuona moto kabisa, kwa hiyo kuna mililita 10 nyingine, zote kamili. Jumla 16. Keki niliikata vipande 16, kila kipande kama mililita moja. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25.

Nasema hivi ili mzazi aliyewahi kumlisha mtoto kipande cha keki ya harusi iliyoloweshwa brandi asikimbilie hospitali. Kipande kimoja hakilevyi. Mtoto wa kaka alilala mchana kwa sababu alikuwa amekimbia tangu asubuhi. Lakini mtoto hana haja ya kilevi hata cha mililita moja, wala hana haja ya kujifunza ladha yake akiwa na miaka minne na kuiunganisha na siku ya furaha ya bibi. Mjamzito naye hushauriwa asitumie kabisa, kwa sababu hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Na kuna dawa ambazo mtu aliyeacha pombe anaweza kupewa, zinazomfanya aumwe vibaya hata akigusa kilevi kidogo. Kaka hakuwa akizitumia. Hiyo ilikuwa bahati yangu, maana sikuwa nimeuliza.

Kwa kaka, hesabu yangu ya mililita haikuwa na maana yoyote. Nilimtumia kwa simu, nikidhani itampa nafuu. Alijibu siku ya pili: "Mdogo wangu, shida si kiasi. Ulimi uliikumbuka." Baadaye aliniambia kwamba wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko miezi sita ya nyuma yake, na kwamba alirudi kwenye kikundi chake alichokuwa ameanza kukikosa. Hakunywa. Mama aliendelea na kalamu ya bluu.

Nilimwomba msamaha kaka, na nikamwomba mama. Mama alinyamaza muda, kisha akaniuliza kwa nini sikuoka tu ile ndogo iwe kubwa. Sikuwa na jibu. Kwa kweli nilitaka kusifiwa.

Basi nikaanza kuitafuta keki ileile bila chupa. Nimeharibu tatu. Nilichogundua ni kwamba ulaini wake haukuwahi kutoka kwenye pombe. Unatoka kwenye mafuta ya maji, ambayo hayagandi keki ikipoa kama siagi inavyoganda. Unatoka kwenye mtindi, kwenye sukari inayoshikilia maji, kwenye shira, na kwenye kuitoa mapema. Pombe ilikuwa inaleta krimu, utamu na ule uchungu mdogo wa mwisho. Hivyo vyote vinapatikana dukani kwa Mangi.

Ninachofanya sasa: unga wa ngano vikombe 2, kokoa vijiko 3 vya chakula, beking pauda vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo, nachekecha pamoja. Pembeni napiga mayai 3 na sukari kikombe kimoja mpaka yageuke rangi, natia mafuta nusu kikombe na mtindi nusu kikombe. Mahali pa pombe naweka nusu kikombe cha maziwa mazito: vijiko 4 vya maziwa ya unga vilivyokorogwa kwenye kahawa kali iliyopoa. Kahawa ndiyo inayoleta ule uchungu. Unga unaingia mwisho, na hapa msishindane na mwiko. Ukishapotea mweupe, acha, kwani ukiendelea kukoroga keki inakuwa ngumu kama mkate wa juzi. Naoka kwa nyuzi 180, na dakika ya 40 naanza kuchungulia. Kijiti kikitoka na chembe mbili tatu zimeshika, natoa. Ukisubiri kitoke kikavu kabisa umechelewa. Jiko la mkaa linafaa pia, moto mwingi juu na mdogo chini, ila usiondoke karibu.

Shira naunguza sukari nusu kikombe kwenye sufuria kavu mpaka iwe rangi ya asali, namimina maji nusu kikombe kwa uangalifu, maana yanaruka na kuunguza, nachemsha mpaka iyeyuke yote, kisha natia vijiko viwili vya maziwa mazito. Watoto wasiwe jikoni wakati huo. Sukari iliyoungua ndiyo iliyonirudishia ladha niliyokuwa naitafuta. Hata jirani yetu aliyeionja aliniomba vipimo.

Na kwa keki za kununua, siku hizi nauliza muuzaji kabla sijalipa: kuna ramu, brandi, au pombe ya krimu ndani? Wengine hucheka. Wengine hukiri kwamba wanaweka na hawaandiki popote.

Pasaka tulikutana tena Morogoro. Niliweka keki mezani, na kaka akaikalia mbele bila kugusa kisu.

"Kuna nini ndani?"

Nikamtajia kimoja baada ya kingine, kuanzia unga. Nilipofika kwenye vanila akaniinulia mkono nisubiri, akainuka kwenda jikoni, akaisoma chupa yenyewe maandishi yote madogo, nyuma na mbele, huku sisi tumekaa kimya tukimsubiri. Akarudi, akakata vipande viwili, kimoja akampa mwanawe.