Kabla ya kuandika programu, kaa dukani kwanza

Wiki jana kijana mmoja alinipigia simu akitaka ushauri. Ameacha kazi, ana miezi sita akiandika programu ya maduka ya dawa, na swali lake lilikuwa: nitumie hifadhidata gani maduka yakifika elfu tatu? Nikamuuliza, kwa sasa ni mangapi yanayokulipa? Kimya. Nikadhani simu imekatika.

Sikumcheka. Mwaka 2011 nilifanya upuzi huo huo.

Mimi na rafiki niliyesoma naye chuo tulichanga akiba yetu yote, shilingi 180,000, tukakodi chumba Ngara na kuanza kuandika programu ya kuhesabu bidhaa za dukani. Miezi minane, jamani! Ilikuwa na ripoti za kila saa na grafu za rangi saba (hizo rangi peke yake zilitula wiki nzima). Tukaiweka bure katika duka la vifaa vya ujenzi la mama mmoja pale Thika. Alitushukuru, akatununulia soda, akasema ni nzuri sana. Tukapanda matatu kurudi Nairobi tukijiona matajiri.

Miezi miwili baadaye nikapita kumsalimu. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa amewekelea katoni ya misumari.

"Mama, programu ina shida gani?"

"Haina shida, kijana wangu. Inaniambia nina misumari mingapi. Misumari naiona. Nisichokiona ni pesa zangu zilizo kwa mafundi."

Akatoa daftari chini ya kaunta. Majina ya mafundi waliochukua saruji na mabati kwa mkopo, mengine yamekatwa, mengine yanaendelea kurasa tatu mbele, mmoja ameandikwa tu "fundi wa kofia nyekundu". Hapo ndipo biashara yake ilipokuwa ikivuja, na miezi minane yote hatukuwahi kuomba kuliona lile daftari.

Nikamwomba nikae naye siku tatu. Sikubeba kompyuta. Nilihesabu mara ngapi anafungua daftari, nani anabishana naye kuhusu deni, na saa ngapi (jioni ya Jumamosi, mafundi wakishalipwa). Kisha nikaandika kitu kidogo kwa wiki mbili: jina, namba ya simu, deni, na ujumbe mfupi unaomfikia fundi Ijumaa jioni. Hakuna grafu hata moja. Safari hii nikamwambia ni shilingi 500 kwa mwezi. Akanishusha hadi 300, akanihesabia noti papo hapo.

Lakini rafiki yangu alikuwa ameshachoka. Pesa ziliisha, kodi ya chumba ilikuwa imepita miezi miwili, naye akachukua kazi ya mshahara. Hatukuwa tumeandikiana chochote kuhusu nani ana haki gani, kwa hiyo tuliachana kwa maneno makali. Sehemu yake ya akiba nilimrudishia kidogo kidogo hadi 2014. Andikianeni mapema, hata kama ni ukurasa mmoja.

Usifikiri wakubwa hawakosei mahali hapo. M-Pesa yenyewe ilipofanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005, hapo hapo Thika na pia Nairobi, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa huduma wakaanza kuitumia kwa shughuli zao wenyewe, hasa kutumiana pesa. Waliokuwa wakiiendesha wakaona, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikauzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kampuni ya Vodafone na fedha za msaada wa serikali ya Uingereza nyuma yao. Wewe una akiba yako na labda shamba la mzee.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya Marekani havilisemi vizuri. Mtu wetu hawezi kumwambia kijana mwenye bidii kwamba kazi yake haina maana. Atasema "endelea hivyo hivyo", atakupa chai. Kwa hiyo usimuulize kama angependa programu yako. Muulize mara ya mwisho shida ilimpata lini, alifanya nini, ilimgharimu kiasi gani. Kama hakumbuki, basi haimuumi. Kisha taja bei. Ukishataja bei adabu inaisha, na hapo ndipo utasikia ukweli: "ningeweza kulipa kama ingefanya hivi..." Andika hayo maneno yanayofuata, hayo ndiyo kazi yako.

Na akikubali, chukua malipo ya mwezi wa kwanza kabla ya kuanza. Najua unaona aibu. Mimi pia niliona aibu, lakini aliyelipa 300 hunipigia simu programu ikikwama, na aliyepewa bure aliifunika kitambaa. Tena ni mama yule yule.

Yule kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia shangazi yake ana duka la dawa Kitengela. Anaenda kukaa huko Jumamosi. Nimemwambia abebe daftari na kalamu, na kompyuta aiache nyumbani.