Madaraka Kibra: Bendera na Bahasha



Treni iliyotupeleka Nairobi ina jina la sikukuu. Ilizinduliwa Miritini tarehe 31 Mei 2017, mkesha wa Siku ya Madaraka, ikapewa jina la Madaraka Express. Miaka minane baadaye, mkesha wa siku hiyo hiyo, mimi na wifi yangu tulikuwa ndani yake, kikapu cha mahamri na mabuyu miguuni petu, tukienda kumzuru mamake huko Makina, Kibra.

Sisi wa Mwambao, tukubali kweli, sikukuu za taifa huzipitisha bila hamu kubwa. Watoto hawaendi skuli, ofisi hufungwa, na mambo yamekwisha. Nguo mpya na sahani za kupelekeana majirani tumeziwekea Idd. Mwaka huo Idd-ul-Adh-ha ilikuwa wiki hiyo hiyo, nami niliondoka nyumbani akili yangu iko huko, wala Madaraka sikuifikiria.

Wengi wetu tunalijua jina la Kibera kwa picha za mapaa ya mabati yaliyoshika kutu. Wanubi, walioishi hapo kabla ya mji kuwazunguka, hutamka Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao. Ni Waislamu wenzetu, wajukuu wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga ardhi hiyo, ekari 4,197, kwa ajili ya jeshi, na askari waliomaliza utumishi wakakaa humo na jamaa zao. Hati hawakupewa. Jina la Laini Saba, husimulia wenyeji, ni ukumbusho wa uwanja wa shabaha.

Ndani ya nyumba ya mwenyeji wetu nilijiona kama niko Kibokoni. Udi ulikuwa umefukizwa, viatu vimepangwa mlangoni, na ukutani vimetundikwa vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi nyekundu, zambarau na kijani, mfano wa kawa zetu. Tuliandaliwa kisra, mkate wao mwembamba, pamoja na mchuzi wa nyama. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na minane, alikuja kutuamkia. "Shikamoo, shangazi." Nikamwitikia marahaba, nami nikaona macho yake hayakutulia.

Jumapili, 1 Juni 2025, tulikaa mbele ya runinga. Sherehe kuu ilikuwa Homa Bay. Gwaride likapita, wimbo wa taifa ukapigwa, na Mama, tunavyomwita, akasimama peke yake, mkono mmoja umeshika kiti. Sisi vijana wake tukaona haya, tukasimama pia.

Baadaye alitusimulia sababu. Madaraka ya 1 Juni 1963 yalikuwa ya kujitawala kwa mambo ya ndani tu. Uhuru kamili ulikuja usiku wa kuamkia 12 Desemba mwaka huo, bendera ya Mwingereza ilipoteremshwa na ya Kenya kupandishwa mahali panapoitwa leo Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata, si mbali na Kibra. Mama alikuwa na miaka kumi. Babake, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, alivaa nishani zake akaenda kwa miguu. "Alirudi alfajiri, viatu vimejaa matope," alisema. "Akatuambia, wanangu, sasa na sisi ni wenyewe."

Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa. Ndani mlikuwa na karatasi ya babake ya kuachishwa jeshi, cheti cha ndoa alichoandikiwa na kadhi, na kitambulisho cha marehemu mumewe. Jumatatu ingekuwa mapumziko, kwa kuwa sheria huifidia sikukuu inayoangukia Jumapili. Jumanne ofisi zikifunguliwa, mjukuu wake angekwenda kuomba kitambulisho, na Mama hakutaka karatasi hata moja ikosekane.

Kwa miaka mingi kijana wa makabila mengine alipotimiza miaka 18 alipeleka cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, basi. Mnubi, Msomali na wengine wengi miongoni mwa Waislamu walipigwa msasa: walisimamishwa mbele ya kamati, wakaulizwa babu alizaliwa wapi, wakatakiwa karatasi za watu waliokwisha kuzikwa. Wengi wa Mwambao pia tunaijua meza hiyo. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu kwa jina lake. Tarehe 22 Machi 2011, kamati ya wataalamu wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Juni 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibra. Na Februari 2025 Rais, akiwa Wajir, alitangaza kwamba msasa huo umefutwa. Bahasha ya Mama ilikuwa na swali moja: je, tangazo limefika dirishani?

Jumatatu tulikwenda Kawangware kumtembelea rafiki yangu wa skuli, aliyeolewa na mtu wa Mumias. Matatu ilishika barabara ya Ngong, ikapita uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ulio kati ya mitaa hiyo miwili. Nikawaza jinsi nchi yetu inavyopenda kuvipa vitu majina ya sikukuu, na jinsi sikukuu zenyewe zinavyobadilishwa majina. Tarehe 20 Oktoba, ukumbusho wa kukamatwa kwa Jomo Kenyatta mwaka 1952, iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoifanya Siku ya Mashujaa wote. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi. Ikaachwa, mahakama ikairudisha mwaka 2017, ikaitwa Utamaduni, na tangu 2024 ni Mazingira. Kila utawala hutaka kuandika jambo lake kwenye kalenda. Sherehe zenyewe nazo sasa huhamahama: Mashujaa ya 2019 ilikuwa Mombasa, ya 2024 Kwale. Nilikumbuka jinsi watu wetu walivyofurahi kuona Pwani nayo inaandaliwa gwaride.

Rafiki yangu tulimkuta anakaanga viazi karai mbele ya nyumba. Nilimpa mkono wa sikukuu, akacheka. "Sikukuu ya nani, dada? Mume wangu ni kibarua wa ujenzi. Leo mjengo umefungwa, na asiyeitwa halipwi." Kisha akaacha kucheka. Alinikumbusha Oktoba 2017. Tarehe 20 watu waliambiwa majukwaani kwamba wao ni taifa moja. Tarehe 26 ukawa uchaguzi wa marudio, na kesho yake Kawangware ikawaka moto, jirani akimkimbia jirani kwa ajili ya kabila. Watoto wake aliwaficha chini ya kitanda usiku kucha. Kibra nako walikuwa wameyaona hayo mapema zaidi. Jamhuri ya 2007 iliadhimishwa siku kumi na tano kabla ya uchaguzi. Kabla ya Januari kwisha soko la Toi lilikuwa limeteketezwa na reli imeng'olewa, na nchi nzima ilikuwa njiani kuzika watu zaidi ya 1,100.

Hata hivyo singependa kusema kwamba sherehe hizi ni ngoma tupu. Ukiendelea mbele ya Kawangware kuelekea Kiambu, wanaishi Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe katika miaka ya 1960. Kwa zaidi ya nusu karne walikaa bila uraia wa nchi yoyote. Tarehe 12 Desemba 2020, katika sherehe ya Jamhuri, Rais alitangaza kwamba watapewa uraia wa Kenya, na mwaka uliofuata wakaanza kukabidhiwa vyeti. Neno likisemwa siku ile mbele ya taifa zima, wananchi hupata pa kuwashikia viongozi wao.

Jumanne asubuhi tuliandamana na msichana hadi ofisini. Mama alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye benchi, bahasha mapajani. Foleni ilikuwa ndefu. Karani alipokea cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akaandika, akachukua alama za vidole. Habari za babu hakuuliza. Mama aliponyanyuka kumpelekea bahasha, karani akamwambia kwa upole, "Hiyo haihitajiki, nyanya." Msichana akapewa karatasi ya kusubiri, akaibusu.

Mama hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Kisha akauliza, "Haihitajiki leo tu, au milele?" Hatukuwa na jibu. Bahasha aliirudisha kabatini, chini ya nguo zake za Idd. Hadi ninapoandika makala haya kitambulisho hakijatoka, na kila wiki mimi humpigia simu kuuliza.

Dada zangu, kina mama ndio wenye kutunza karatasi za nyumba. Mtoto akizaliwa tumwandikishe ndani ya miezi sita, kabla sheria haijamhesabu kuwa amechelewa. Vyeti vya ndoa na vya mazishi tuviweke pamoja, na nakala zikae kwa jamaa mwingine. Na sikukuu ya taifa ijayo tuwaketishe watoto wetu waisikilize hotuba, wayaandike yaliyoahidiwa. Wiki ikipita tuwaulize wamwone nani ametekelezewa. Mama wa Makina amesimama kwa wimbo ule miaka zaidi ya sitini, bahasha yake kabatini. Mjukuu wake na asimame bila bahasha, inshaallah.