Jiwe la Tatu

Mgeni aingiaye chumba changu cha kazi hapa Mpui huona vitu ambavyo kwa kawaida havikai pamoja. Upande wa dirisha ipo meza yenye kamusi, madaftari ya mashairi na miswada ya tafsiri. Upande wa mlango ipo mashine kuukuu ya kukereza vyuma, jiriwa, tupa za kila namna, na jiwe jeusi lililofunikwa blanketi. Kamusi hazimshangazi mtu. Kila mgeni huuliza habari za jiwe. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimekwisha kujinunulia la kaburi langu.

Ushairi haujapata kunilisha, wala tafsiri. Kinachonilisha ni mashine za kusaga nafaka. Katika uwanda huu wa juu wa Ufipa, tulao ugali wa ulezi na wa mahindi, mashine ikisimama kijiji kizima husikia. Mimi ndimi niitwaye. Ufundi sikuusomea chuoni, kama nisivyousomea ushairi. Vyote viwili niliokota kwa kuwatazama waliojua na kwa kuharibu vya watu.

Jiwe lenyewe ni la itale, na kazi yake ni moja tu: kuwa bapa. Lina urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na unene wa 8, na uzito wake ni kilo thelathini hivi. Uso wake umesuguliwa hata kupanda na kushuka kwake hakuzidi mikroni chache, nao unywele wa binadamu una unene wa mikroni hamsini au zaidi. Fundi hupaka juu yake utando mwembamba wa rangi ya buluu, akalaza kifaa chake na kukisogeza kidogo. Kikiinuliwa, penye kilima pamepata rangi na penye bonde pamebaki peupe. Hapo hukwangua vilima, akarudia, mara ishirini au mara mia, mpaka rangi ienee pote.

Zamani mabamba hayo yalikuwa ya chuma cha kusubu. Mwaka 1840 Mwingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wataalamu waliokusanyika Glasgow namna ya kupata uso bapa pasipo kuwa na ulio bapa wa kuigiza. Siri yake ni kutengeneza mabamba matatu, wala si mawili. Mabamba mawili yakisuguliwa pamoja yatapatana, lakini huenda moja limebonyea na la pili limebinuka, yakakumbatiana kama kiganja na yai. Lete la tatu, ulilinganishe na kila moja kwa zamu. Yote matatu hayawezi kupatana mawili mawili mpaka yawe bapa kweli. Kisha katika Vita Kuu ya Pili, chuma kilipokuwa adimu, mafundi wa Dayton, Ohio, huko Marekani, waligeukia itale. Wakaona kwamba jiwe halishiki kutu, na likigongwa humeguka tu, halitoi ukingo wa kuinua kazi kama chuma kifanyavyo.

Langu nilimpata nalo mfanyabiashara wa vyuma chakavu Gerezani, Dar es Salaam, lina pembe moja iliyomeguka. Bei yake ilikuwa ya magunia sita ya mahindi, na nyumbani sikuitaja. Lilisafiri kwa basi ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pumba, likapita Iringa, Mbeya na Tunduma, huku utingo akiapa kwamba nimebeba dhahabu. Nililiweka juu ya vituo vitatu, kwa kuwa kilicho juu ya vitatu hakiyumbi. Jambo hilo mama zetu walilijua kwa mafiga kabla ya Whitworth kuzaliwa. Nikaliacha usiku kucha lizoee baridi ya chumba, maana hata jiwe hupinda likipata joto upande mmoja.

Asubuhi yake nilitaka kulifurahisha kwa kulionyesha kitu kilichonyooka. Nikachukua rula yangu ya chuma, ya sentimita 40, ambayo nilikuwa nimepimia kazi zangu zote kwa miaka kumi na tisa. Niliitengeneza kwa mikono yangu, nikiikwangua kwa kuifuata rula ya fundi mzee aliyenifundisha, mpaka zikiwekwa uso kwa uso mbele ya taa usione mwanga ukipenya. Mzee alipofariki nilirithi ya kwake pia.

Nikailaza yangu juu ya buluu, nikaiinua. Rangi ilishika ncha mbili tu. Katikati ilikuwa safi kama imetoka kuoshwa.

Nikafuta jiwe, nikapaka upya, nikarudia. Ikawa vilevile. Nikaleta ya mzee: hiyo ilishika katikati tu, na ncha zake zikabaki peupe. Ncha zilikuwa zimelika kwa miaka ya kutumika, nami niliyafuata mapungufu yake kwa uaminifu hata nikayapata kinyume chake. Chini ya rula yangu kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara moja kilipita bila kusukumwa. Rula zile hazikuwa zimedanganyana. Zilikuwa zimepatana.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja mjane wa kijiji jirani.

Mashine yake ya kusaga niliijenga mimi. Beringi zake zilikuwa zikichemka na kufa, seti baada ya seti, na kila mara nilimlipisha. Nilipima kitako kwa rula yangu nikakiona sawa. Basi kosa lilikuwa la mtu. Nilimwambia yule mama kwamba kijana anayeisimamia anajaza mahindi kupita kiasi. Aliamini neno la fundi, akamwachisha kazi. Beringi ziliendelea kufa, nami nikasema kijana mwingine naye ni walewale.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekikwangua kitako kwa kuifuata rula iliyobonyea, kwa hiyo kikabinuka. Nyumba mbili za beringi zilisimama zikipeana kisogo kidogo, kwa kadiri ambayo jicho haliwezi kuona, na mhimili ukapindwa kila ulipozunguka.

Nilikwenda kwa baiskeli siku ya tatu. Zile mbili nilizitumia kutafuta sababu ya kutokwenda. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanipa kigoda. Nikamweleza habari za jiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniongoza nyuma ya jiko, kulikokuwa na jiwe la kusagia ulezi la mama yake. La chini lilikuwa na bonde kama mtumbwi, na la juu lilikuwa na tumbo.

"Haya yalipatana miaka hamsini," alisema. "Hakuna aliyesema yamenyooka."

Kisha akauliza, "Na yule kijana?"

Kitako nilikikwangua upya kwa siku nne, na beringi nikanunua kwa fedha zangu. Za nyuma nimezirudisha kwa mafungu. Lakini kijana alikwisha kwenda Tunduma, na hapo jiwe halina msaada wowote. Nimetuma salamu kwa madereva watatu. Hadi leo ninaloandika haya sijapata jibu.

Babu zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyovuta upepo yenyewe bila mivuo, kisha wakakisafisha kwa mivuo katika matanuru madogo. R. Wise aliandika habari zao mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mabaki ya malungu yangali yakionekana uwandani. Sidai undugu na ustadi wao. Nasema tu kwamba chuma katika nchi hii kimekuwa na historia ndefu ya kupitia mikono ya watu waliowajibika mbele ya jirani zao.

Tangu siku ile meza ya dirishani nayo haikuniacha salama. Mfasiri hulaza maandiko mawili uso kwa uso, akaridhika asipoona mwanga ukipenya. Huenda yamepatana kama rula zangu. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa. Zamani nilidhani ni anasa ya mtu mkubwa. Sasa kila ninachofasiri humsomea jirani yangu mfuga nyuki, asiyejua neno la Kiingereza. Hana habari na vina wala mizani. Nasoma nikimtazama uso, na pale anapokunja kipaji natia alama ya buluu.

Rula zile mbili sikuzitupa. Nimezitundika ukutani, zimekumbatiana, juu ya kamusi.