Wakati Ujao wa Kihispania: Barua kwa Mjukuu Aliyeko Geita

Wakati ujao wa vitenzi vya kawaida vya Kihispania hujengwa juu ya kitenzi kizima. Hablar, comer na vivir havipotezi -ar, -er wala -ir kama katika wakati uliopo. Viambishi huongezwa mwishoni tu: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Hablaré ni nitazungumza, comerás ni utakula, vivirán ni wataishi. Makundi yote matatu yana viambishi hivyohivyo, vilivyotokana na kitenzi haber: he, has, ha, hemos, habéis, han. Somo jepesi kiasi hicho halimfukuzi mtu darasani. Hata hivyo, huku Shinyanga yasemekana kuwa mjukuu aliyelipiwa ada ya Kihispania Arusha ili aongoze watalii ameonekana kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu, huko Geita.

Penye hatari ni mkazo. Msemaji wa Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Hablará, mkazo ukiwa mwishoni, ni atazungumza. Ukirudi nyuma, likawa hablara, hiyo si ahadi tena, ni neno la masharti: kama angezungumza. Ndiyo maana alama ya mkazo huandikwa katika nafsi zote isipokuwa hablaremos. Kiswahili chenyewe kina mtego huo. Zamani, babu alipokuwa akifundisha, mtoto aliyetoka kijijini na Kisukuma chake alikokotoa hesabu vizuri, akaambiwa “barábara!” Yeye akasikia barabara ya magari, akainuka kwenda nje. Darasa lilicheka, naye hakuonekana shuleni wiki nzima. Babu alimfuata kwao, akamrudisha, akamsomesha kwa sauti kila jioni mpaka mkazo ukakaa mahali pake. Leo ni mwalimu, na babu humtaja kwa fahari mbele ya wale wa ukoo wanaosema lugha haijazi debe la mahindi. Ikiwa mjukuu naye alichekwa kwa matamshi, dawa ni kusoma kwa sauti. Duara halimfundishi mtu mkazo.

Hablaréis ni ya Hispania. Amerika ya Kusini husema ustedes hablarán. Tener, salir na hacer hubadili shina, vikawa tendré, saldré, haré, lakini viambishi ni vilevile. Katika mazungumzo ya kila siku husikika zaidi voy a hablar, nayo ijulikane.

Nyumbani bibi amepona, mpunga umeingia ghalani. Ng’ombe wawili waliouzwa kwa ajili ya ada hawajafidiwa, wala hakuna anayewadai. Kinachodaiwa ni jibu. Mjukuu aandike kabla ya mwezi kwisha, aseme wazi kama bado yumo darasani, na kama ametoka, aseme atarudi lini.