Kurudi Majini Mocímboa da Praia

Daktari aliyenitibu alinifungulia michezo kwa zamu: kuogelea kwanza, baiskeli baadaye, mbio mwisho kabisa. Ndio mpangilio wa triatloni yenyewe, nami niliupokea kwa furaha, maana kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imeninyima mashindano msimu mzima na zaidi. Majini kisigino hakibebi kitu. Kwenye baiskeli kinabeba kiasi. Mbio ndizo zinazokidai: kila hatua kano hiyo hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na kwa kuwa haipati damu nyingi, hupona polepole kuliko msuli.

Ruhusa hiyo ilinikuta na deni la miaka mingi. Mama mdogo wangu aliolewa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, nami mtu wa Mikindani sikuwahi kufika kwake. Mwaka 2020 vita vilimtoa mjini pamoja na maelfu ya wenzake. Alitoka kwa mashua hadi Pemba ya Msumbiji, akaishi huko kwa watu. Aliporejea alituletea salamu kwamba amejenga tena, twende tukamwone. Mwaka 2023 nikafunga baiskeli juu ya gari, nikaenda.

Kwenye ramani njia fupi ni kufuata pwani na kuvuka Ruvuma karibu na bahari. Sisi garini tulizunguka kwa Masasi, Mangaka na Mtambaswala, ili tuvukie Daraja la Umoja. Nyerere na Machel walilitaka tangu miaka ya 1970; lilifunguliwa Mei 2010 na Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Lina urefu wa mita 720. Nililivuka kwa miguu, nikiutazama mchanga mpana wa Ruvuma huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikakanyaga Msumbiji. Baada ya Negomano, upande wa Msumbiji, ilikuwa vumbi, na vumbi hilo lilitufuata hadi Mueda.

Mueda iko juu ya uwanda wa Wamakonde na usiku wake una baridi ya kweli. Mji huo haujasahau tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowamiminia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Alfajiri, kwenye ngazi ya nyumba ya wageni, nilifanya zoezi langu: nasimama kwa ncha za vidole ukingoni, nashusha kisigino kilichoumia taratibu mpaka kipite chini ya ngazi, najiinua kwa mguu mzima, naanza tena. Zoezi hilo lina historia ninayoipenda. Daktari wa mifupa wa Umeå, Sweden, Håkan Alfredson, aliumwa kano hiyohiyo. Aliomba apasuliwe, mkubwa wake akakataa kwa kuwa kliniki isingemudu likizo yake ya ugonjwa. Basi akaitwisha mzigo kusudi, ikatike ili apasuliwe. Haikukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida walioshusha visigino namna hiyo mara 180 kwa siku kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Nimeamini somo hilo kwa mwili wangu: kupumzika peke yake hakuponyi kano. Inataka kazi, na kazi hiyo iongezwe kwa kipimo.

Kutoka Mueda barabara huteremka Diaca, kisha Awasse, halafu inakata mashariki kuelekea baharini. Vizuizi vya askari vilikuwa vingi. Vita hivi vya waasi dhidi ya serikali vilianzia Mocímboa kwenyewe, vituo vya polisi viliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 wapiganaji waliuteka mji na bandari, wakavikalia mwaka mzima hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipovikomboa tarehe 8 Agosti 2021. Wenyeji wakaanza kurudi mwaka uliofuata.

Mama mdogo alinipokea mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshika mkono wangu, hakuuachia mpaka tulipokaa. Kimwani chake na Kiswahili changu vinaelewana bila mkalimani. Alikuta kuta zimeungua, paa hakuna. Akaanza na chumba kimoja cha makuti, akaongeza jiko, na mabati yalikuwa yanakuja moja moja kwa fedha ya samaki. "Mwanangu," aliniambia, "ningengoja niwe na nyumba nzima, ningekuwa Pemba mpaka leo."

Kesho yake nikaenda kuomba ruhusa ya kuogelea, kwa kuwa ufukwe ulikuwa unalindwa. Askari wa Kinyarwanda aliyenisikiliza alizungumza nami Kiswahili, kama wengi wao walivyozungumza na wenyeji. Nilipotaja triatloni akacheka kwa furaha, akasema "Rubavu!" Ni kweli: Agosti 2022, mwaka mmoja baada ya Mocímboa kukombolewa, mji wa Rubavu kando ya Ziwa Kivu uliandaa Ironman 70.3: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, mbio 21.1. Mimi nilikuwa nawaza umbali mfupi kuliko huo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Akaniruhusu, kwa sharti la kutokwenda mbali.

Ilikuwa bamvua. Maji yanapokupwa huko, mashua hulala ubavu kwenye tope na bahari huonekana kama imehama. Nilingoja yajae. Mvuvi jirani wa mama mdogo alinisindikiza kwa mtumbwi, akipiga kafi sambamba nami kufuata ufukwe. Mikono ilikumbuka kazi yake. Nilipotoka majini nilikuwa nalia, na sioni haya kuliandika.

Baiskeli niliizungusha barabara ya mjini hadi kizuizini na kurudi. Vijana wa mtaa wa Milamba walinifuata na baiskeli zao nzito za mizigo, na mmoja alinipita akiwa amepakia gunia. Walimjua Lurdes Mutola. Nikawaambia dhahabu yake ya mita 800, ya kwanza kwa Msumbiji katika Olimpiki, aliipata Sydney mwaka 2000, kwenye michezo ileile triatloni ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Mbio sikuzifanyia ufukweni. Mchanga laini huzamisha kisigino na kuivuta kano, na mteremko wa ufukwe huupinda mguu. Nilikimbia barabarani, dakika moja mbio, dakika moja kutembea, nikaacha wakati hamu bado ipo. Kipimo cha kweli huja kesho yake, hatua za kwanza kutoka kitandani: kano ikikaza na kuuma kuliko jana, mzigo ulizidi. Asubuhi ile haikuuma.

Wanaoandaa triatloni Afrika Mashariki, tafadhali wakumbukeni vijana wa Mocímboa da Praia. Wamekulia majini, wanaendesha baiskeli zenye mizigo kila siku, na Kiswahili wanakielewa. Wapelekeeni mwaliko, nauli, na baiskeli nyepesi za kuazima.