Abjadi, Orodha na Msomaji wa Nyeri

Mkulima kutoka Othaya aingiapo katika duka la huduma za tarakilishi mjini Nyeri, mhudumu humfungulia fomu na kumwuliza kaunti yake. Majina yote 47 hayaenei katika kidirisha kimoja. Machache tu huonekana, na mengine hufikiwa kwa kuvuta upau ulio ubavuni. Yakipangwa kwa abjadi, Nyeri huwa ya 36. Yakifuata nambari rasmi zianziazo Mombasa, huwa ya 19, nayo hukaa kati ya Nyandarua na Kirinyaga, majirani zake hasa. Mpangilio wa pili humfaa ajuaye nambari au ramani. Wa kwanza humfaa ajuaye jina tu, nao ndio walio wengi.

Hata hivyo, abjadi ina mtego wake katika Kiswahili. Amri zikiorodheshwa kama kuchapisha, kufungua na kuhifadhi, zote hurundikana chini ya K, na mtafutaji hulazimika kusogeza orodha nzima. Kiambishi ku- kikiondolewa, kila shina hupata makao yake: chapisha, fungua, hifadhi. Wanakamusi walilitambua jambo hili zamani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) huorodhesha vitenzi bila ku-.

Basi kupanga orodha si kazi ya mwanaprogramu pekee. Ni kazi ya sarufi pia, na mwanaisimu asipoketi kando yake, mkulima yule ataendelea kutafutiwa na mwingine neno la lugha anayoifahamu.